Papa Pole, Bwana Haraka na Kikohozi cha Sehemu ya Pili

Leo ni wiki ya tano tangu niwakabidhi mfuko wangu wa kazi, na sijakaa kwenye kiti saa moja mfululizo. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi, nagongagonga mlango nisikie una sauti gani. Mke wangu amesema nikizunguka nyumba mara nyingine atanifunga kengele ili ajue nilipo. Ndiyo maana nimeanza kuandika. Nyinyi wanafunzi wangu wawili mliochukua mfuko ule, someni mkipata nafasi, na tafadhali msinihurumie. Sikio la kulia limekufa kwa noti za juu, basi, kazi imekwisha. Kinachonikosesha utulivu ni kitu kingine, nacho nitakifikia.

Habari za vyeo sitaandika. Fundi piano hana cheo. Ana piano iliyokwisha na piano ambayo bado.

Kazi nilijifunza Bukavu kwa Mwalimu Anselme, mtu mfupi aliyevaa koti hata jua likiwaka, aliyetunza piano za shule na za makanisa mji mzima. Siku ya kwanza nilidhani atanipa ufunguo wa kukazia waya. Alinipa vipande viwili vya mpira. "Noti moja iko na waya tatu," aliniambia. "Unanyamazisha mbili, unasikia moja. Kisha unafungua ya pili. Zikigombana utasikia: wa-wa-wa-wa. Kazi yako njo kuzipatanisha." Njo, kwa Kiswahili cha kwetu, ni ndiyo. Mwezi mzima sikugusa ufunguo. Nilichomeka mpira, nikachomoa mpira, nikasikiliza ugomvi wa waya. Nyinyi mna simu yenye mshale unaosimama katikati noti ikiwa sawa. Sina neno na simu. Ila siku moja ifunikeni kwa kitambaa, msikilize ule ugomvi ukipungua mpaka unatulia. Ndiyo utulivu pekee niliowahi kuupata maishani, na hudumu mpaka noti inayofuata.

Mwalimu alikuwa na muziki mmoja alioupenda kuliko yote, konseto ya piano, yaani muziki mrefu wa sehemu tatu ambamo piano moja inazungumza na okestra nzima. Jina lake lilikuwa refu, la Kijerumani, na hakuna kati yetu aliyelitamka vizuri, kwa hiyo tuliiita Ile. Mapadri walikuwa na kanda yake. Mwalimu akaiazima kwa siku mbili ili ainakili. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, tukaunganisha redio mbili kwa waya, moja icheze, nyingine irekodi. Betri mpya tulipata nne tu. Tukaziweka kwenye redio ya kurekodi, kwa sababu Mwalimu alisema ndiyo yenye kazi ngumu. Ile ya kucheza tukaipa betri za zamani nilizokuwa nimezianika juu ya bati tangu asubuhi, kama tulivyofanya sote zikichoka.

Hiyo ndiyo kanda niliyoondoka nayo Bukavu vita vilipotutoa. Niliifunga ndani ya soksi pamoja na ufunguo na diapazoni, ule uma wa chuma unaotoa noti ya kuanzia. Mwalimu alibaki. Alikufa mwaka uliofuata, na habari ilinifikia Dzaleka, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa mdomo wa mtu aliyekuwa anauza vitenge.

Dzaleka nilifika mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kambi nzima haikuwa na piano hata moja. Karani aliyeandika majina aliniuliza kazi yangu, nikasema fundi wa piano. Akaandika "fundi", akanitazama, akafikiri, kisha akaandika "wa viti". Miaka mingi karatasi zangu zilisema hivyo, na mara mbili niliitwa kutengeneza viti. Nilivitengeneza.

Piano zilikuwa Lilongwe. Nikipata karatasi ya ruhusa, nilipanda kabaza mpaka barabara kuu, mfuko mgongoni, nikishika kiuno cha mwendesha baiskeli kwa mkono mmoja na ufunguo kwa mwingine, maana ufunguo haukuuzwa popote nchini. Nikifika mjini nililala Biwi kwa ndugu wa kanisa.

Piano yangu ya kwanza mjini ilikuwa katika nyumba ya mama mmoja mgeni, mwenye mbwa watatu. Nilikuwa na miezi mingi sijashika kazi. Waya wa tatu nilioukaza ulikatika kwa mlio kama wa bunduki, na nilipopata akili nilikuwa chini ya meza. Yule mama alinikuta pale. Alileta chai, akaiweka sakafuni, nikainywa sakafuni. Kisha nikatoka, nikaweka waya mpya, nikamaliza. Kwa hiyo waya ukiwakatikia mbele ya mwenye piano, msione haya. Funikeni uso, na kazeni kidogo kidogo, robo mzunguko.

Zipo kazi ngumu zaidi ya hiyo. Kule Mtandire kanisa moja lilikuwa na piano ambayo mchwa walikuwa wameila kwa ndani wakaacha rangi tu. Nilipofungua ubao wake wa mbele, vitufe sita vikanijia mapajani. Mchungaji akauliza kama itapona. Nikamwambia tuombe. Na jambo la majira, liandikeni mahali: mvua ikianza, mbao zinakunywa maji na noti zinapanda, ukame wa mwezi wa kumi, zinashuka. Msiahidi mwezi wa kumi kwamba piano itakuwa sawa mpaka Krismasi.

Yule mama wa mbwa alipohama nchi, alinipa kanda mbili zisizo na karatasi wala jina. Nilizicheza, na zote mbili zilikuwa Ile. Basi nikawa na wapiga piano watatu wa muziki mmoja. Pasta Eliya, mtu wa Uvira mwenye kanisa la matofali karibu na soko la kambi, alitupa jengo lake kila Jumamosi alasiri baada ya kwaya. Hapo ndipo kikundi chetu cha kusikiliza kilipozaliwa. Tulikaa kwenye benchi, watu wanane au tisa, tukacheza sehemu moja kwa mpiga wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, halafu tukagombana.

Majina yao hatukuyajua, tukawapa yetu. Mpiga wa kanda ya Mwalimu Anselme tulimwita Papa Pole. Wa kanda moja ya yule mama tukamwita Bwana Haraka. Wa kanda nyingine alicheza kila kitu vizuri bila kukosea, na hakuna aliyepata la kusema juu yake, kwa hiyo tulimwita Mama Sawasawa, ingawa hatukuwa na ushahidi wowote kwamba alikuwa mama.

Bwana Haraka aliingia kama mtu aliyechelewa kazini na ana sababu yake. Okestra ikimaliza kusema, yeye alikuwa ameshajibu. Vidole vyake vya kulia viling'aa, lakini ile mitetemo ya noti mbili za jirani aliipitia bila kuitazama. Papa Pole alingoja. Mitetemo yake ungeweza kuihesabu. Mahali ambapo Bwana Haraka alibisha, Papa Pole aliuliza. Sauti ya piano yake ilikuwa nene zaidi, na chini zaidi, karibu toni nzima chini ya diapazoni yangu. Hilo niliwaeleza kwa kiburi changu chote cha ufundi: zamani piano zilikazwa chini, kwa hiyo huyu ni mzee, tena anacheza piano ya kizamani. Kuelekea mwisho wa sehemu ya pili sauti ilishuka tena kidogo. Nikaeleza: joto la watu ukumbini, waya zinalegea. Wenzangu waliandika kwenye madaftari.

"Haraka iko na roho ya ujana," alisema Pasta Eliya. "Anacheza sawa mutu banamufukuza."

"Na Papa Pole?"

"Papa Pole alishazika bibi yake. Hauwezi kucheza vile na bibi akingali."

Tukakubaliana kwamba Papa Pole ni mjane. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekumbuka kwamba jambo hilo tulilitunga wenyewe.

Halafu kulikuwa na kikohozi. Sehemu ya pili, ile ya polepole, ina mahali ambapo okestra inanyamaza na piano inabaki na noti tatu tu. Kwenye kanda ya Bwana Haraka, hapo mwanamke anakohoa. Kwenye kanda ya Papa Pole, hapo hapo, anakohoa mwanamume, tena mwenye kifua kizito. Nilifundisha kwamba ukimya wa mahali pale ni mkubwa kiasi kwamba popote duniani lazima mtu mmoja akumbuke kifua chake. Kwa Mama Sawasawa hakuna aliyekohoa. Nikasema hiyo ndiyo dosari yake.

Nacheka ninapoandika, na si kicheko kizuri.

Riziki aliingia kikundini mwaka wa tano au wa sita. Alikuwa mshonaji, msichana wa Fizi mwenye cherehani kwenye baraza ya duka moja sokoni, na Jumapili alipiga kinanda cha umeme cha kanisa. Siku ya kwanza alikaa nyuma akipinda ukingo wa pazia. Hakusema kitu mpaka tulipomaliza kugombana.

"Papa Zagabe," akaniita, "nyie banaume muko munasikia mukono wa kuume tu. Sikia wa kushoto. Kwa Papa Pole, wa kushoto njo unabeba. Kwa Haraka, wa kushoto uko nakimbilia mwenzake, sawa muguu wenye haiyajua cherehani."

Miaka yote ile hakuna aliyekuwa amelisema. Nilirudisha kanda, nikasikiliza mkono wa kushoto, na alikuwa amesema kweli. Kuanzia siku hiyo nikawa mwalimu wake, ingawa sikuwa mpiga piano wa maana. Fundi wa saa si lazima awe na miadi. Mwalimu wa muziki wa shule moja mjini alininakilishia karatasi za Ile. Riziki alisoma noti taratibu, kwa kidole, kama anayefuata mshono uliofumuka. Nikienda kurekebisha piano Lilongwe na yeye amepata ruhusa, alikuja nami, na nikimaliza kazi nilimwombea kwa wenye nyumba nusu saa ya vitufe vya kweli.

Nilimfundisha Papa Pole na hakuna mwingine. Akiongeza mwendo, nilimgonga begani. Mara moja aliniuliza kama anaweza kujaribu mitetemo ya Haraka na pumzi ya Papa Pole, achanganye, aone. Nikamfokea. Nilimwambia kanda ile nilipewa na mtu aliyekufa, na kwamba muziki si kitambaa cha kukatakata. Alinitazama, akafunga karatasi, akaanza tena kutoka juu. Miaka mitatu tulienda hivyo.

Kisha ile shule ya mjini ikatafuta mtu mmoja wa kufundisha piano kwa madarasa ya chini. Mkuu wa muziki alikuwa Mayi Phiri, yaani Mama Phiri, mwanamke wa Lilongwe mwenye mgongo ulionyooka na saa mbili, moja mkononi na moja mezani. Mwombaji angecheza sehemu ya pili ya konseto anayoijua, na Mayi Phiri mwenyewe angecheza nafasi ya okestra kwenye piano ya pili. Atakayechaguliwa, shule ingemwombea kibali cha kufanya kazi na kukaa mjini. Mnajua maana yake kwa mtu wa kambi. Riziki alikuwa ameingia Dzaleka akiwa mtoto na hakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Jina lake likaandikwa la tatu, Jumamosi asubuhi.

Alhamisi ya wiki hiyo niliitwa kurekebisha piano zote mbili za ukumbi. Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Pembeni kulikuwa na mashine kubwa ya kanda, ya mwalimu wa dansi, yenye kitufe cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza mwendo. Nilikuwa na kanda zangu mfukoni. Nikaona niisikie Ile mara moja katika ukumbi mkubwa. Nikatia kanda ya Bwana Haraka.

Akatoka Papa Pole.

Nilidhani nimekosea kanda. Nikaitoa, nikaitazama, nikairudisha. Papa Pole yule yule, ile mitetemo ya kuhesabika, ule mkono wa kushoto unaobeba. Nikatazama kitufe: mtu alikuwa amekiacha chini. Nikakipandisha taratibu, na mzee akawa kijana mbele yangu. Nikapeleka kanda mpaka kwenye noti tatu. Mwanamke akakohoa. Nikairudisha nyuma, nikashusha kitufe. Mwanamume mwenye kifua kizito akakohoa. Nilikiinua na kukishusha kile kitufe sijui mara ngapi, mwanamke, mwanamume, mwanamke, mpaka mpishi wa shule akachungulia mlangoni.

Wapiga piano wawili tuliowagombania miaka minane walikuwa mtu mmoja, siku moja, ukumbi mmoja. Kanda ya mapadri wa Bukavu na kanda ya mama wa mbwa zilitoka kwenye rekodi moja. Uzee wa Papa Pole, ujane wake, piano yake ya kizamani, joto la watu, vyote vilikuwa betri zangu nilizozianika juu ya bati, zikichoka kadiri kanda ilivyokwenda. Na mpiga piano wa pili wa kweli, Mama Sawasawa, hatukuwahi kumpa hata Jumamosi moja kamili.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimwonea aibu Mwalimu Anselme, ingawa alikuwa ameshalala kaburini, na zaidi nilijionea mimi. Ungekuwa ufundi wa kweli, ningegundua siku ya kwanza, kwa diapazoni. Tena ile sauti ya chini niliigundua, kisha nikaipatia maelezo, na kwa hilo situlii mpaka leo. Hilo ndilo nawaomba mlishike kuliko yote niliyowafundisha: sauti ikiwa chini, kagueni mashine kwanza kabla ya kumtungia mtu maisha.

Nilipaswa kumwambia Riziki siku ile ile. Sikumwambia. Nilijidanganya kwamba namlinda asiyumbe siku mbili kabla. Ijumaa, tulipofanya mazoezi kwenye piano ya kanisa pale Biwi, nilijaribu njia ya panya.

"Leo tia mwendo kidogo," nikamwambia.

Akaacha kucheza. "Papa, miaka tatu uko unaniambia pole. Leo unaniambia haraka? Nani amekufa?"

"Ukumbi iko mukubwa. Sauti inachelewa."

"Ikichelewa tutaingojea," akasema, na akacheza Papa Pole mpaka mwisho, polepole kuliko hata betri zenyewe.

Sikulala vizuri, na sitaongeza neno.

Jumamosi watu wawili walicheza kabla yake. Mmoja alikuwa amesoma muziki ng'ambo na vidole vyake vilikwenda bila shida yoyote. Riziki alipanda akiwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe, kola nyeupe. Mayi Phiri akaanza okestra kwenye piano ya pili, kwa mwendo wa watu wote. Riziki akaingia kwa mwendo wake. Ilisikika wazi kwamba hawako pamoja. Mayi Phiri akamsukuma, akaongeza, kama mtu anayemshika mwenzake kiwiko avuke barabara. Riziki hakuongeza. Mkono wake wa kushoto ulibeba. Nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma, nimeshika ufunguo wangu mfukoni mpaka kiganja kikauma. Ukurasa wa pili Mayi Phiri aliacha kusukuma. Akaanza kumsikiliza. Walipofika kwenye zile noti tatu, Riziki alicheza ya kwanza, ya pili, kisha akangoja kidogo, kama ambavyo tulizoea kungoja kikohozi kipite, ndipo akacheza ya tatu. Hakuna aliyekohoa. Ukumbi wote ulingoja pamoja naye.

Walipomaliza, Mayi Phiri alivua miwani. "Sijawahi kusikia ikichezwa hivi," akasema kwa Kiingereza. "Umeitoa wapi? Ni mpiga piano gani?"

Riziki akageuka na kunionyesha. "Papa Zagabe anamjua. Ako naye kwa kanda."

"Bambo Zagabe?" Mayi Phiri akaniita, yaani Bwana kwa lugha yao. Alinifahamu kama mtu wa waya na mpira. "Ni nani?"

Ningeweza kusema jina lolote la Kijerumani. Lilikuwa tayari mdomoni. Yule kijana wa ng'ambo alikuwa amekunja miguu akisubiri kulisikia. Nikasimama, nikasema kwamba hakuna. Nikaeleza kila kitu, redio mbili, betri nne, bati, jua, kitufe cha mwalimu wa dansi. Nikasema hakuna mpiga piano duniani aliyewahi kuicheza hivyo. Ni kosa la betri, na kosa ni langu, na huyu binti amefuata alichofundishwa. Nilisema kwa Kiingereza kibovu, nikarudia kwa Kiswahili ili Riziki asikose hata neno. Mtu mmoja akacheka. Nilijua nimemfungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

Riziki aliondoa mikono kwenye vitufe. Kisha akasema, kwa Kiswahili, bila haraka:

"Hakuna mutu alichezaka vile?"

"Hakuna."

"Hata mumoja?"

"Hata mmoja, mwanangu."

Akamgeukia Mayi Phiri. "Basi njo yangu," akasema, na akairudia kwa Kiingereza.

Mayi Phiri alivaa miwani. Hakutabasamu, si mtu wa hivyo. Alimwambia arudie ukurasa wa mwisho peke yake, bila okestra, na Riziki akarudia. Saa ya mezani ikawa inahesabu na hakuna aliyeitazama.

Tulitembea kurudi Biwi. Karibu na duka la saruji akasimama.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Alhamisi."

"Ungeniambia."

"Ungecheza vibaya."

"Ningecheza mbaya, Papa, lakini nikijua. Uliniacha mbele ya bantu mi peke yangu na muzee mwenye haiko." Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. Nikaomba msamaha katikati ya barabara, watu wakipita na mifuko ya unga. Kisha akauliza, "Na bibi yake? Ule alikufa?"

"Hakuwa na bibi, Riziki. Yeye mwenyewe hakuwepo."

"Miaka tatu nililiaka juu ya ule mama!" Akaketi kwenye rundo la mchanga la mtu, na akacheka mpaka mwenye mchanga akatoka kuona kuna nini. Nami nikacheka. Kola yake nyeupe ilijaa vumbi.

Barua ya shule ilikuja baada ya wiki tatu, ikiwa na jina lake. Kibali kilichukua muda mrefu zaidi, kama vibali vyote, lakini kilikuja. Anafundisha pale mpaka leo. Kikundi cha Pasta Eliya kiliendelea, na nilipowaeleza ukweli, Pasta alikataa katakata. Anasema betri zinaweza kupunguza mwendo lakini haziwezi kumfanya mtu awe mjane. Jumamosi zilizofuata tulimsikiliza Mama Sawasawa, kwa heshima, na tukagundua kwamba sehemu ya tatu aliicheza vizuri kuliko mtu yeyote.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kuwapa mfuko ilikuwa kwenye ukumbi ule ule. Nilirekebisha piano ya kulia mpaka juu, na noti kumi na mbili za mwisho sikuzisikia. Nilikaza kwa kumbukumbu ya mkono. Hizo mzipitie upya. Nilikuwa nafunga mfuko Riziki alipoingia na darasa la wasichana wadogo, kila mmoja na karatasi yake. Walikuwa wanajifunza mada ya sehemu ya pili, imerahisishwa, mikono miwili kwa watoto wawili. Wakaicheza kwa zamu, polepole, kwa mwendo ule. Wakifika kwenye zile noti tatu, kila mtoto alicheza mbili, akainua mkono, akangoja, ndipo akacheza ya tatu.

Msichana mmoja mwenye miwani akainua kidole. "Madam, kwenye karatasi hakuna kungoja hapa. Kwa nini tunangoja?"

Riziki hakugeuka nyuma nilipokuwa nimekaa. "Hapo kuna mtu anakohoa," akasema. "Tunamwacha amalize."

Msichana akarudi kwenye vitufe. Akacheza noti ya kwanza, na ya pili, akainua mkono, na ukumbi wote ukatulia.

Nikakohoa.

Akashusha mkono, wakaendelea.